Kabla Hujamkata Mtu Mshahara, Washa Logi

Wasee, leo si stori ya simu mpya wala ya nani ameachana na nani. Leo naongea kuhusu faili. Faili moja tu, ndani ya kompyuta moja, kwa ofisi moja ndogo hapa Ruiru, iliyofanya sista yangu akatwe shilingi 8,250 kwa miezi mitatu. Na nitasema maoni yangu mapema: kampuni inayopima watu kwa simu bila kuwasha logi ya matukio haina haki ya kumkata mtu hata shilingi moja.

Sasa tulia nikueleze.

Sista ni mkubwa wangu kwa miaka minne. Tunaishi Makongeni, Thika, na kila asubuhi anatoka keja saa kumi na mbili na nusu, anapanda mathree, Juja, Ruiru, anashuka. Kazi yake ni kupokea simu. Watu wanapiga wakitaka gesi ya kupikia na maji ya chupa, yeye anaandika oda, anawapa watu wa pikipiki. Ofisi ina meza tatu: oda, malipo na malalamiko. Ukipiga unasikia ile sauti, bonyeza moja kwa oda, bonyeza mbili kwa malipo. Yeye ndiye moja.

Mwisho wa mwezi bosi anatoa ripoti kutoka kwa kompyuta. Ripoti ina safu mbili anazozipenda. Ya kwanza ni simu ambazo hazikujibiwa. Ya pili ni simu zilizodumu chini ya sekunde 15, ambazo yeye anaziita "simu za kukatia wateja". Ukipita kiwango alichoweka, kila simu ni shilingi 50.

Mwezi wa kwanza sista alikatwa 2,350. Wa pili, 3,100. Wa tatu, 2,800, pamoja na barua kwamba anakatia wateja simu na huo ni utovu wa nidhamu.

Nyinyi hamumjui sista. Huyu ni mtu anayeongea na mhubiri wa kwa matatu hadi mwisho wa safari kwa sababu hataki kumkatiza. Alikuja na ile barua akaiweka mezani, akaingia kulala bila kula. Mathe akaniangalia. Mimi ndio "mtu wa kompyuta" kwa nyumba.

Kumbe hiyo mashine ya ofisi nilikuwa naijua. Si hiyo yenyewe, lakini programu yake. Inaitwa Asterisk. Ni programu ya bure, iliyoanzishwa mwaka wa 1999 na kijana Mmarekani anaitwa Mark Spencer, pale Alabama, kwa sababu mtambo wa simu wa ofisi ulikuwa bei ghali na yeye hakuwa na doo. Akajiandikia wake. Leo ukichukua kompyuta ya kawaida, ukaweka Linux na Asterisk, ukaiunganisha na laini ya mtandao, una mtambo wa simu wa ofisi nzima. Mimi nilijifunzia kwa lapi kuukuu ambayo kioo chake kilikuwa na ufa. Nilikuwa najipigia simu kutoka sebuleni hadi chumbani, mathe akidhani nimechanganyikiwa.

Sasa sikiza vizuri hapa, kwa sababu ndipo kesi ilipo.

Asterisk inaandika simu kwa njia zaidi ya moja. Njia ambayo karibu kila mtu anaitumia inaitwa CDR. Hiyo ni kama risiti: nani alipiga, alipigia namba gani, saa ngapi, sekunde ngapi, ilijibiwa au la. Mstari mmoja, basi. Ni nzuri kwa bili. Iliwekwa hasa ili ujue ulipe nani pesa ngapi.

Njia ya pili inaitwa CEL, na ilikuja na toleo la 1.8 mwaka wa 2010. Hii haikupi risiti, inakupa safari. Chaneli imefunguliwa. Simu imejibiwa. Watu wawili wameunganishwa. Mmoja amehamishwa kwa meza nyingine. Mmoja amekata. Chaneli imefungwa. Kila tukio na saa yake, na zote zina namba moja inayozifunga pamoja ili ujue ni simu ile ile hata ikipita meza tatu.

Tofauti ni hii. Uko kwa mathree, umempa konda mia mbili, anakurudishia kama ulimpa mia. Risiti inasema "abiria alilipa". Lakini swali lako ni alilipa ngapi, akapokea nani, chenji ilienda wapi. Bila hayo, anayeshinda ni mwenye sauti kubwa. Kwa ofisi, mwenye sauti kubwa ni mwenye kusaini mshahara.

CEL huwa haijiwashi. Lazima mtu aende kwa faili inaitwa cel.conf, aandike enable=yes, achague matukio anayotaka, kisha aseme yaandikwe wapi, iwe ni faili ya kawaida ama hifadhidata. Ni kazi ya dakika ishirini ukienda pole pole. Pale kwa sista hakuna aliyewahi kuifanya. Fundi aliyeweka mtambo alilipwa, akaenda, na namba yake haipatikani.

Nilimwambia sista aniombee nafasi kwa bosi. Aliogopa. Alisema, "Sitaki aone nimemletea wakili." Nikamwambia mimi si wakili, mimi ni fundi wa bure. Hiyo neno "bure" ndiyo ilifungua mlango.

Siku nafika, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuandika amri ya kuangalia saa. Ilikuwa saa nne asubuhi. Kompyuta ikaniambia ni saa moja.

Nikacheka peke yangu. Kisha nikaacha kucheka.

Mtambo ulikuwa umewekwa kwa saa ya dunia, ile ya UTC, ambayo iko nyuma ya yetu kwa masaa matatu. Bosi alikuwa anachuja ripoti kutoka 08:00 hadi 17:00 akidhani hizo ni saa za kazi za sista. Kumbe kwa saa ya Ruiru hiyo ni kuanzia saa tano mchana hadi saa mbili usiku. Sista anatoka saa kumi na moja jioni. Kwa hivyo simu zote zilizopigwa kati ya saa kumi na moja na saa mbili usiku, wakati yeye ako kwa jam pale Juja, zilikuwa zinaandikwa kwamba aliketi mezani akaziangalia zikilia.

Na mbaya zaidi ni asubuhi. Watu hugundua gesi imeisha wakati gani? Wakipika chai! Kuanzia saa mbili hadi saa tano ndipo meza ya oda huwaka moto. Hayo masaa matatu, ambayo sista anajibu simu hadi koo linakauka, hayakuwa kwa ripoti kabisa. Kazi yake nzuri ilifutwa, na ukimya wake wa jioni ukahesabiwa.

Nilimwonyesha bosi. Aliangalia saa ya ukutani, akaangalia kioo, akaangalia saa ya mkono. Akasema, "Lakini hiyo haielezi simu za sekunde kumi." Ni kweli, haikuelezea. Nikamwambia, "Bosi, nipe siku kumi na nne." Nikarekebisha saa iwe Africa/Nairobi, nikawasha CEL, nikaandika cel show status kuhakikisha imewaka kweli, nikapanda gari nikaenda Thika.

Baada ya wiki mbili nilirudi na daftari. Nilihesabu vile ripoti ya zamani ingemhesabia sista, kisha nikafuata kila simu kwa logi ya matukio.

Simu 41 "ambazo hakujibu". Kati ya hizo, 17 zilikuwa za baada ya kazi. 13 zilikuja wakati stima imepotea. Hapa nieleze: kompyuta ya mtambo iko na UPS, kwa hivyo stima ikienda yenyewe inabaki hai. Simu ya mezani ya sista haina. Mteja anabonyeza moja, mtambo unamtafuta sista, haumpati. CDR inaandika haikujibiwa. Lakini kwa CEL unaona mteja ana chaneli yake na upande wa sista hakuna chaneli iliyowahi kufunguliwa. Simu haikulia. Huwezi kukataa kujibu kitu ambacho hakijalia.

Sita zaidi zilikuja wakati sista anaongea na mteja mwingine. Mashine inaonyesha wazi ameunganishwa na nani, kutoka sekunde gani hadi sekunde gani.

Zilibaki tano. Hizo tano zililia na hakushika. Nilimuuliza. Akasema, "Mbili nilikuwa chooni. Moja nilikuwa nachukua chai. Hizo zingine mbili sikumbuki, labda nilichoka." Sawa. Tano kwa wiki mbili. Yeye ni binadamu.

Sasa zile fupi, zile za "kukatia wateja". Zilikuwa 58. Na 49 kati yake zilikuwa hivi: mteja amebonyeza moja badala ya mbili, anataka mambo ya malipo, sista anasema "ngoja nikuunganishe", anamhamisha. Kwa risiti, upande wa sista unaisha hapo, sekunde tisa. Kwa CEL kuna tukio linaitwa BLINDTRANSFER, halafu simu ile ile inaendelea dakika nne kwa meza ya malipo. Yaani alikuwa anaadhibiwa kwa kusaidia. Na kadri alivyohamisha haraka, ndivyo alivyoonekana mbaya zaidi.

Sita, mteja mwenyewe ndiye aliyekata. Kwenye tukio la HANGUP kuna sehemu inayosema ukataji umetoka upande gani. Na tatu, sista alikata kweli. Moja yake mteja alikuwa anatukana. Hizo zingine mbili alisema kidole kiliteleza, na mimi ni nani nibishane.

Nilimsomea bosi yote, mbele ya sista. Nilisoma hata zile tano, na zile tatu. Nilitaka aone sikuja kutetea damu yangu, nilikuja kusoma kilichoandikwa.

Wengine wenu mnangoja mwisho wa sinema. Bosi analia, anarudisha pesa yote, wanakumbatiana. Zii.

Bosi alisema faini zimesimama kuanzia siku hiyo. Poa. Kisha akasema atarudisha zile zinazothibitika. Kwa miezi mitatu iliyopita tulikuwa na CDR peke yake. Tuliweza kusogeza saa mbele kwa masaa matatu, tukatoa simu za usiku, tukapata shilingi 3,400. Zikarudishwa kwa M-Pesa siku hiyo hiyo. Lakini stima ilipotea siku gani? Simu gani ilihamishwa? Nani alikata? Hata ile namba ya kipekee ya kila simu haikuwa imewashwa iandikwe. Hakukuwa na njia.

Zilibaki 4,850. Bosi akasema, "Hizo hatuna ushahidi."

Hapo ndipo nilikasirika, na hapo ndipo maoni yangu yanasimama. Wakati wa kukata pesa, ushahidi haukuhitajika. Risiti nusu ilitosha. Wakati wa kurudisha, ghafla tumekuwa mahakama. Logi ambayo haikuwashwa huwezi kuiwasha kwa siku zilizopita, na gharama ya uzembe huo imelipwa na mtu wa chini kabisa kwa hiyo ofisi.

Nikaenda kusoma sheria. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka wa 2007, kifungu cha 19, imeorodhesha sababu ambazo mwajiri anaweza kukata mshahara. Nimeisoma mara tatu. Kuna mambo kama hasara ya mali iliyosababishwa na makosa ya makusudi, kuna kukosa kazi siku nzima bila ruhusa. Faini ya simu isiyojibiwa mimi sikuiona kwa hiyo orodha. Na kifungu cha 41 kinasema kabla ya kumfuta mtu kwa sababu ya kazi mbovu ama utovu wa nidhamu, lazima umweleze kwa lugha anayoielewa na umsikilize, akiwa na mwenzake anayemchagua. Kusikilizwa bila rekodi ni maneno yako dhidi ya safu ya namba, na sote tunajua namba inavyopewa heshima hata ikiwa uongo.

Lakini ngojeni, sijamaliza, kwa sababu hii kitu ina upande wa pili na sitaki kuwadanganya.

Wiki moja baadaye bosi alinipigia akiwa na furaha sana. "Hii logi yako ni poa! Naweza kuona wakati meza iko kimya. Naweza kujua nani anakaa chooni dakika ngapi?"

Manze. Nilihisi kama nimempa mtu kisu cha kukata mkate akaanza kuangalia watu shingo.

Hilo ni swali halisi. Logi ya matukio hairekodi sauti, hiyo ni kitu kingine kabisa. Lakini inabeba namba za wateja, saa, nani aliongea na nani, mapengo kati ya simu. Ukitaka kumchungulia mtu siku nzima, inatosha. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019. Kifungu cha 26 kinampa mtu haki ya kuambiwa data yake inatumika kufanya nini, haki ya kuiona, na haki ya kusahihisha iliyo na makosa. Kifungu cha 35 kinamlinda mtu asiamuliwe jambo zito na mashine peke yake. Sista ni mwenye data hapo, sawa na mteja anayetaka gesi.

Kwa hivyo nilimjibu bosi, kwa heshima, kwamba logi ni ya kujua nini kilitokea kwa simu, si ya kujua mwili wa mtu uko wapi. Tukaandika karatasi moja, ukurasa mmoja, ikabandikwa ukutani. Ina mambo manne, na nadhani kila ofisi yenye mtambo wa simu inaweza kuyaiba.

Moja, wafanyakazi waambiwe logi ipo na inaandika nini. Hakuna siri.

Mbili, kila Ijumaa kila meza inapewa matukio yake yenyewe. Ukiona kosa unalisema wiki hiyo, si baada ya barua.

Tatu, hakuna adhabu inayotoka kwa CDR peke yake. Simu yenye ubishi inafuatwa tukio kwa tukio, mbele ya mhusika.

Nne, logi inafutwa baada ya siku 90, isipokuwa ile iliyo na ubishi ambao haujaisha.

Na jambo la tano halikuandikwa, lakini nawaambia nyinyi mafundi wenzangu: angalia saa kwanza. Kabla ya kitu chochote. Logi nzuri yenye saa mbaya ni shahidi anayesema kweli kuhusu siku nyingine.

Najua kuna msee atasema, buda, hii ni ofisi ya watu watatu, unafanya kelele ya nini. Nafanya kelele kwa sababu kazi za simu zinakuja kwa hii barabara yetu. Mwaka wa 2024 kampuni ya CCI Global ilifungua jengo kubwa la kupokea simu pale Tatu City, hapa hapa Ruiru, kwa ajili ya maelfu ya wafanyakazi. Stori ya sista haihusiani na huko, ofisi yake ni chumba kimoja juu ya duka. Nataja tu uone upepo unaenda wapi. Wengi wetu tunaomaliza shule kati ya Thika na Githurai tutavaa hizo hedifoni siku moja. Tutapimwa kwa sekunde. Na siku ya kwanza, badala ya kuuliza mshahara tu, nataka uulize: mnanipima kwa nini? Naweza kuona? Saa ya mashine yenu ni ya wapi?

Utaonekana msumbufu. Sista pia alionekana hivyo.

Zile 4,850 bado hazijarudi. Nimemwambia sista kuna ofisi ya afisa wa kazi, tuende tuulize. Anasema ngoja kwanza mkataba usainiwe upya, hataki kuwasha moto nyumba akiwa ndani. Namuelewa. Si mimi ninayeamka saa kumi na moja.

Lakini barua ile imetolewa kwa faili yake, na Ijumaa iliyopita alikuja na karatasi yake ya matukio, akaibandika kwa friji na sumaku ya nanasi. Wiki nzima, simu 212, ambazo hazikujibiwa ni mbili. Mathe akauliza hizo mbili zilikuwa nini. Sista akasema, "Chai."

Wewe unayefanya kazi ya simu, ofisini kwenu wanakupima kwa nini, na ushawahi kuonyeshwa? Niambie hapa chini. Na kama wewe ndio bosi, nenda sasa hivi ukaangalie saa ya huo mtambo wako. Nitangoja.